Kabla ya kulipa karo ya uzamili wa maafa, wachunguze watakaokufundisha

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya upili hapa Malindi. Mto Sabaki ukifurika, baadhi ya wanafunzi wangu wanaotoka upande wa Magarini hukaa nyumbani hata majuma mawili. Nimeamua kusomea uzamili wa majanga ya asili na usimamizi wa maafa, na nimepata nafasi katika vyuo viwili. Kozi ya kwanza ina maprofesa wenye majina, karibu wote ni wanajiolojia na wahandisi. Ya pili imechanganya: yuko mtaalamu wa hali ya hewa, mwanasosholojia, daktari wa afya ya umma, na wahadhiri wa muda kutoka mashirika ya misaada. Katika kozi zote mbili hakuna aliyewahi kufanya utafiti Pwani. Nitajuaje walimu wa wapi watanifaa?

Jibu:

Mwalimu, kwa maelezo haya ningekwenda kozi ya pili, ila kwa sharti moja. Katika huo mchanganyiko awemo angalau mhadhiri mmoja anayekokotoa mwenyewe, anayeweza kukuketisha mbele ya takwimu za mvua na za mto hadi uzimudu. Asipokuwapo, utahitimu ukijua kueleza maafa yaliyokwisha kutokea, na wanafunzi wako wanahitaji mtu wa kuyaona yakija.

Tuanze na mto wenu. Maji yanayowafungia watoto hao nyumbani pengine hayakunyesha Magarini kabisa. Sabaki ndio Athi uleule unaoanzia nyanda za juu upande wa Nairobi, ukapita Ukambani, ukakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukamwaga maji baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Mvua kubwa ikinyesha Nairobi na Machakos, Malindi mnaweza kuwa na jua kali huku mto unapanda. Maji yatafika lini na kwa kimo gani? Hilo ni swali la mtu wa haidrolojia, elimu ya mwendo wa maji ya mito na mvua. Lakini maji hayo huja mekundu, yamebeba udongo wa mashamba ya bara, ndio huohuo unaoigeuza rangi bahari ya Malindi msimu wa mvua. Unapotuama hubadilisha njia ya mto na kina chake, na hesabu za miaka iliyopita huharibika. Hapo unamhitaji mtu wa udongo na matumizi ya ardhi.

Kisha kuna swali ambalo hao wawili hawawezi kulijibu: kwa nini watu wanalima na kuishi kingoni mwa mto wanaoujua kwamba hufurika? Wewe unalijua jibu kwa sababu unaishi nao. Magarini ni kukavu. Unyevu wa uhakika uko kwenye udongo ule wa kando ya mto, ndiko migomba na mahindi yanakostawi. Familia iliyohamishiwa juu kwenye usalama wa mafuriko imehamishiwa kwenye ukame, na ukame wa kati ya 2020 na 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosa, umeonyesha gharama yake. Kisha mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na masika ya 2024 mafuriko tena. Nyumba ileile iliyopokea chakula cha msaada wa njaa ilipokea turubai la msaada wa mafuriko. Mhandisi atakujengea tuta, na tuta ni kazi ya maana, lakini mwanasosholojia au mtu wa uchumi wa vijijini ndiye atakayekusaidia kuelewa kwa nini watu watarudi nyuma ya tuta hilo na mbele yake pia.

Daktari naye si wa kujaza orodha. Baada ya maji kushuka huja visima vilivyoingiliwa na maji ya vyoo, na kipindupindu. Tena mitambo ya Baricho, inayochota maji ya Malindi, Kilifi hadi Mombasa, imekaa palepale kando ya Sabaki. Mto ukiharibu pale, mtu wa Kisauni, Mombasa, asiyejua hata Sabaki iko wapi hukosa maji ya bomba. Mtu wa afya ya umma huuona mnyororo huo mapema kuliko wengi wetu.

Fani yenyewe ilikua kwa njia hiyo. Gilbert White, mwanajiografia wa Marekani, alieleza katika tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1945 kwamba hasara ya mafuriko hutokana kwa sehemu kubwa na maamuzi ya watu juu ya mahali pa kujenga na namna ya kuishi na mto. Mwaka 1976 O'Keefe, Westgate na Wisner wakaandika katika jarida la Nature kwamba maafa hayaelezeki kwa nguvu za asili peke yake: umaskini na unyonge wa watu ndio hulifanya tukio la asili liwe maafa. Tangu hapo kozi nzuri za uzamili zimekuwa zikijaribu kuwaweka chini ya paa moja watu wa miamba, wa mawingu, wa fedha, wa sheria na wa jamii. Kozi yenye wanajiolojia na wahandisi watupu inaweza kuwa bora sana kwa atakayechora ramani za maporomoko au kupima uimara wa majengo. Kazi hiyo ni muhimu. Kwa shida uliyoniandikia, itakuacha katikati ya safari.

Sasa nirudi kwenye sharti langu, maana ndipo kozi nyingi za mchanganyiko zinapolegea. Nimekutana na wahitimu wanaokichora vizuri kile kiduara cha kuzuia, kujiandaa, kukabiliana na kurejesha, lakini ukiwauliza maana ya mafuriko ya miaka 100 wanasema ni yale yanayokuja mara moja kila karne. Sivyo. Ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote, na yakitokea mwaka huu, mwakani uwezekano unabaki uleule. Sasa chukua nyumba itakayosimama miaka 30 kwenye eneo hilo. Uwezekano wa kupona mwaka mmoja ni 0.99. Izidishe yenyewe mara 30 utapata takriban 0.74. Maana yake nyumba hiyo ina uwezekano wa asilimia 26 hivi, zaidi ya mmoja kati ya minne, wa kuingiliwa na mafuriko hayo angalau mara moja kabla mwenyewe hajamaliza kuwasomesha wanawe. Chifu akielezwa hivyo anaelewa uzito wake. Akiambiwa "mara moja kwa karne" anagawa viwanja.

Mhadhiri unayemtafuta ataongeza jambo la pili bila kuulizwa: kwamba namba hiyo imetoka kwenye kumbukumbu za mto za miaka michache, pengine zenye mapengo, na kwamba Nairobi ya leo yenye lami na mapaa kila mahali humwaga maji mtoni haraka kuliko Nairobi ya miaka ya 1960. Asiyekuonyesha udhaifu wa hesabu zake atakufundisha kuziamini kupita kiasi.

Kuhusu wahadhiri wa muda wanaotoka mashirika ya misaada, usiwadharau na usiwategemee. Aliyesimamia kambi ya waliohama atakufundisha jioni moja mambo ambayo mimi siwezi: jinsi ya kupanga foleni ya chakula isiyowaumiza wajawazito, jinsi ya kuhesabu kaya bila kuzihesabu mara mbili. Lakini mafuriko yakitokea muhula ukiwa katikati, yeye ndiye wa kwanza kuitwa kazini, na darasa hubaki wazi. Wakiwa robo ya wanaofundisha, ni baraka. Wakiwa wengi kuliko wahadhiri wa kudumu, uliza ni nani atakayesoma tasnifu yako.

Swali la msimamizi wa tasnifu ndilo kubwa kuliko yote, na waombaji wengi hawaliulizi kabisa. Orodha ya majina kumi na tano inapendeza, lakini katika mwaka wa pili utabaki na watu wawili: msimamizi wa kwanza na wa pili. Wanafunzi wetu wengi wa uzamili hukwama hapo, baada ya masomo ya darasani kwisha, wakingoja sura zao zirudishwe. Profesa mwenye jina anayeongoza kamati nne na kusafiri kila mwezi anaweza kuwa mwanasayansi hodari na bado akawa msimamizi mbaya kwako. Mhadhiri kijana aliyemaliza uzamivu juzi, anayejibu barua na kusoma kurasa zako kwa kalamu mkononi, atakufikisha.

Njia ya kumjua ipo. Vyuo vingi sasa huweka tasnifu za wahitimu kwenye hifadhi zao za mtandaoni. Ingia, tafuta tasnifu za kozi yako za miaka mitano iliyopita, na uandike majina ya wasimamizi yanayojirudia. Fungua mbili tatu, uende moja kwa moja kwenye sura ya mbinu. Je, mwanafunzi alipima kitu, au aligawa hojaji tu kisha akachora chati za asilimia? Hojaji si dhambi, ila kama tasnifu zote zina hojaji ya aina moja, umeshajua kozi hiyo inafundisha nini hasa. Halafu soma ukurasa wa shukrani. Humo wanafunzi huwataja waliowasaidia kweli, na mara nyingi si yule aliyeandikwa kwenye jalada.

Ukishapata majina mawili au matatu, andika barua pepe. Usiandike "naomba uwe msimamizi wangu" peke yake. Andika ukurasa mmoja: wewe ni nani, tatizo lako ni lipi, na unadhani utalichunguzaje. Kwa mfano: unataka kujua ni saa ngapi hupita kati ya mto kupanda huko juu na maji kuingia mashambani Magarini, na ni nani katika vijiji hivyo hupata habari kabla na nani hupata baada. Hilo ni swali zuri la uzamili kwa sababu nusu yake ni ya vipimo na nusu ni ya watu. Kisha ongeza maswali mawili ya kumpima yeye.

La kwanza: wakati wa mafuriko anga imefunga mawingu, utapataje picha ya satelaiti ya eneo lililozama? Anayeijua kazi atakutajia rada, kwa mfano ya satelaiti ya Sentinel-1, inayoona kupitia mawingu, picha zake zinapatikana bure, na kumbukumbu zake zinaanzia 2014. Atakutahadharisha pia kwamba maji yaliyo chini ya migomba na miembe rada huweza kuyakosa. La pili: ardhini utajuaje maji yalifika wapi? Jibu ninalolitaka mimi ni la mtu aliyeinama. Ukutani mwa nyumba ya udongo mafuriko huacha mstari wa tope. Unapima kwa futi kamba kutoka kwenye mstari hadi sakafuni, kutoka sakafuni hadi ardhi ya nje, kisha unachukua kimo cha ardhi hiyo kwa kifaa cha upimaji, kwa sababu GPS ya simu hukosea vimo kwa mita kadhaa na hapa unagombea sentimita. Unauliza mstari ni wa mwaka gani. Unamuuliza mama wa nyumba, kisha nyumba ya pili peke yake, na ya tatu peke yake, bila kuwakusanya chini ya mwembe mmoja, maana wakikaa pamoja watakubaliana na mzee. Mhadhiri anayekueleza hivyo amewahi kuchafua viatu, na ndiye wa kukufundisha.

Hilo linanileta kwenye wasiwasi wako kwamba hakuna aliyefanya utafiti Pwani. Si kasoro kubwa kama unavyodhani. Aliyefanya kazi kwenye delta ya Rufiji au bonde la chini la Tana anayajua matatizo yako mengi. Elimu ya mahali utaileta wewe, na msimamizi mwema atafurahi kujifunza kutoka kwako. Palipo na hatari ni mahali pamoja tu: bahari. Mtu wa mito ya bara amezoea kuona maji yakishuka na kwenda zake. Malindi tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huzidi mita 3, na mto uliofurika ukikutana na bamvua mlangoni pake, maji huzuiwa na kurudi nyuma. Muulize atafanya nini na bamvua. Akikuambia atashirikiana na watu wa bahari, kwa mfano wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iliyoko Mombasa, umepata mtu mnyofu. Akilipuuza, jihadhari.

Ningependa pia wahadhiri wako wawe na uwezo wa kulifundisha tukio moja kutoka pande zote. Kipimo changu ni tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea karibu na Sumatra, kwa saa zetu ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, na mawimbi yakatufikia mchana wa siku hiyohiyo. Kipimo cha maji ya bahari kilichoko Lamu kiliyanasa. Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300, na rasi ya Hafun ndiyo iliyoumia zaidi. Kwa nini tofauti hiyo? Mtu wa matetemeko atakuambia nguvu kubwa ya mawimbi ilielekea wapi. Mtu wa bahari ataongeza kwamba kwetu maji yalikuwa yamekupwa na miamba ya matumbawe ilipunguza kishindo. Mtu wa utawala ataeleza kwamba saa zile nyingi zilitosha habari kufika na polisi kuwatoa watu ufuoni, jambo ambalo Somalia isiyokuwa na serikali imara haikuweza. Majibu yote matatu ni ya kweli. Kozi inayofundisha moja tu itamfanya mwanafunzi aamini kwamba tuliokoka kwa serikali yetu peke yake, au kwa bahati peke yake, na yote mawili ni hatari kwa mji wenye hoteli na wavuvi ufuoni.

Kuna pengo moja ambalo hukulitaja katika orodha zote mbili: mtu wa sheria na utawala. Katika Katiba ya 2010 usimamizi wa maafa umetajwa kwa serikali ya kitaifa na kwa kaunti vilevile. Mto ukipanda usiku, nani ana mamlaka ya kuamuru kijiji kihame, kamishna au gavana? Nani analipa mafuta ya boti? Uliza kama yuko mhadhiri wa somo hilo, hata akiwa wa kuazimwa kitivo cha sheria. Bila yeye, wahitimu huandika mipango mizuri isiyo na mwenyewe.

Mengine ni mafupi. Hakikisha kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza ni nani hasa atafundisha mwaka huu, si nani yumo kwenye orodha. Maprofesa huenda likizo ya utafiti na majina yao hubaki. Kama utahitaji ruhusa ya masomo kutoka TSC, tume inayoajiri walimu, anza kuifuatilia mapema. Na kama wahadhiri wa kozi zote mbili hawatajibu barua yako ndani ya majuma matatu, usilipe kwa huruma. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega kina kitivo kizima cha usimamizi wa maafa na misaada ya kibinadamu, na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kimeshikilia fani hii kwa miaka mingi. Waandikie hao barua ileile.

Vyuo vingi vyetu humpangia mwanafunzi msimamizi rasmi baada ya masomo ya darasani, kwa hiyo usitarajie barua ya idara sasa. Kinachokutosha ni barua pepe ya mhadhiri mwenyewe inayosema yuko tayari kulifuata swali lako idara ikikubali. Ihifadhi. Wakati ukingoja, omba takwimu za vimo vya mto kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa barua yenye muhuri wa shule, maana huchukua muda na utazihitaji popote utakaposoma. Soma pia taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame kuhusu kaunti ya Kilifi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, utakiomba baadaye, pendekezo lako likishapitishwa.